Karamu ya Mkono wa Kushoto kwenye Sari ya Iqrar

Jua la Januari bado limefichwa na ukungu, lakini kichochoro cha Pilikothi mjini Banaras kimeshaanza kunguruma. Nyumba kwa nyumba mashine za umeme zinafuma, zinagonga mpaka vikombe vya chai vinatetemeka madirishani. Katika nyumba moja tu hakuna ngurumo. Humo Iqrar Ahmad Ansari amekaa ukingoni mwa shimo la mtambo wake wa mkono, miguu imezama shimoni hadi magotini. Anakanyaga ubao, anapitisha uzi wa hariri, anagonga. Halafu anafanya kituko.

Anainua mkono wake wa kulia, anautazama. Anainua wa kushoto, nao anautazama. Anainama juu ya kitambaa, midomo inamchezacheza kama mtu anayejikumbusha jambo, ndipo anaendelea na kazi.

"Usinicheke," anamwambia mwandishi. "Yangekukuta yaliyonikuta mimi, ungekuwa unajitazama mpaka miguu."

Mkewe, Naushaba, anapita na sinia ya unga. "Ndivyo alivyo sasa," anasema. "Juzi nimempa chumvi, akaanza kuniuliza huu mkono gani. Nikamwambia, mwenzangu, wazimu wako uache hukohuko shimoni."

Dirishani kinachomoza kichwa cha Haji Mukhtar, jirani na mfanyabiashara wa sari. Huyu hapiti hapa bila kuchokoza.

"Fundi Iqrar! Wa kulia umeshauona leo, au tukuletee mtu akuonyeshe?"

"Nenda zako, Haji. Wewe una mikono miwili, na yote imo mifukoni mwa watu!"

Haji anacheka mpaka anakohoa. Iqrar anatabasamu kidogo, kisha uso unamrudia kama ulivyokuwa. Yaliyomkuta yana miezi kadhaa sasa, na bado akiyasimulia sauti humkatika, kama mtu aliyekanyaga ngazi akakuta haipo.

Iqrar ana miaka hamsini na sita. Alishuka kwenye shimo hili akiwa mtoto, akarithi nafasi ya baba yake, ambaye naye aliirithi kwa babu. Wadogo zake wameshauza mitambo yao kwa bei ya kuni, mmoja yuko mji wa Surat anahudumia mashine za umeme. Yeye amebaki. Sari ya kawaida ya harusi humchukua karibu mwezi mzima, na akishatoa gharama za nyumba nzima iliyomsaidia, hubakiwa na kama rupia elfu kumi na mbili. Dukani sari hiyohiyo huuzwa mara nne au tano ya hapo, ikiwa na kitambulisho chenye jina la duka.

Hilo la jina ndilo lililokuwa likimla roho kuliko hela.

"Sari zangu zimeolewa India nzima," anasema. "Zimevaliwa na mabinti wa mahakimu, nyingine zimevuka mpaka Dubai. Waulize nani kazifuma. Watakutajia duka. Baba yangu amekufa hajaona jina lake hata kwenye karatasi ya kufungia."

Ndiyo maana mwaka jana, joto lilipokuwa limepamba moto, alipopata mgeni kutoka Delhi, moyo ulimwenda mbio. Mgeni mwenyewe ni Bi Devyani Khosla, mbunifu wa nguo. Alikuwa anaandaa maonyesho ya sari za hariri zilizofumwa kwa mkono, kila moja ikiwa imechukua mchoro wake kutoka sanaa ya nchi nyingine: mawingu ya Kichina, mawimbi ya Kijapani, mayungiyungi ya Misri ya kale. Kwa Iqrar alileta picha ya karamu, iliyonakiliwa kutoka ukuta wa kasri moja la zamani la Uajemi. Wanawake warefu, wenye nywele za mawimbi, wamejipanga mstari, kila mmoja akimpa mgeni wake mkate, tunda au kikombe.

Iqrar aliitazama picha, akairudisha.

"Bibie, mimi sijawahi kufuma binadamu."

"Umefuma nini, Fundi?"

"Maua. Mizabibu. Maembe. Kasuku wawili watatu. Kwetu hapa watu hatuwaweki, baba yangu angekasirika hata kaburini."

"Basi nakusikitikia," Bi Devyani akasema, akaanza kukunja picha yake. "Kwa sababu kwenye maonyesho haya, chini ya kila sari, ukutani, nitaandika jina la aliyeifuma. Herufi kubwa."

Iqrar akaidaka ncha ya picha.

"Hebu niitazame tena hiyo picha," akasema.

Sari ile ilichukua miezi mingi. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya komamanga, umetawanyiwa vijiua vya zari, uzi wa dhahabu, kazi ambayo Iqrar anaweza kuifanya akisinzia. Karamu yenyewe ilikuwa ya mwisho, kwenye pindo lile pana linaloning'inia begani, mahali ambapo macho ya watu hutua kwanza. Kwa ajili ya pindo hilo Bi Devyani alituma mnyororo mrefu wa kadi zilizotobolewa. Kadi hizo huning'inia juu ya mtambo, na matundu yake ndiyo yanayoamua nyuzi zipi zinyanyuke na zipi zilale.

Sasa, sari za namna hii hufumwa kifudifudi. Uso wake hutazama shimoni, na mfumaji siku zote anatazama mgongo. Iqrar analijua hilo tangu meno yake ya utotoni hayajang'oka. Ila maisha yake yote lilikuwa halijamgusa, kwani ua likigeuzwa ni ua, na embe likigeuzwa ni embe.

Siku karamu ilipoanza kutokea kwenye kitambaa, alifuma vidole, akafuma kiganja, akafuma mkate juu ya kiganja. Akasimamisha kazi. Akainama, akaangalia vizuri, na mwili ukamsisimka.

"Mwanamke mzuri vile, amevaa zari kichwa mpaka miguu, anampa mgeni mkate kwa mkono wa kushoto!" anasema, na hata leo anajipiga paja. "Niliona haya mimi. Nikasema, huyo mchoraji wa Delhi hakufunzwa na mama yake? Watu watakuja kuitazama sari yangu, jina langu liko hapo chini, waone wanawake wangu wanalisha watu kwa mkono wa chooni?"

Hakumuuliza mtu. Alifumua ile sehemu aliyoianza, akaushusha mnyororo wote wa kadi, akaugeuza ndani nje, akaupandisha tena. Alipofuma upya, mkate ukatokea kwenye mkono wa kulia. Akapumua. Anasema siku hiyo alijisifu, akamwambia mkewe kwamba amewafundisha adabu wanawake wa Kiajemi.

"Nikamwambia umefanya vizuri," Naushaba anakiri. "Nilijua nini mimi?"

Na kioo? Kila mfumaji wa Banaras ana kioo kidogo anachokiingiza chini ya kitambaa kukagua upande wa uso. Iqrar anapoulizwa hivyo, anatoa chake mfukoni, anakitupa mkekani kama kitu kilichomsaliti.

"Nilitazama! Kila jioni nilitazama. Kioo kikaniambia mkono wa kulia, kulia, kulia."

Anakiokota, anamwonyesha mwandishi. Kioo kikilazwa chini ya kitambaa huonyesha uso wa kitambaa kweli, lakini kilicho upande wako wa kulia hubaki upande wako wa kulia. Ni mpaka kitambaa kipinduliwe na mikono ya watu ndipo kulia kunakuwa kushoto. Wafumaji wa maua hawana haja ya kulijua hilo, na katika kichochoro hiki wote ni wafumaji wa maua.

Ikafika siku ya kuikata sari. Katika nyumba hii ni desturi kwamba anayeipindua sari kwa mara ya kwanza ni mwenye nyumba wa kike, juu ya shuka nyeupe, baada ya sala ya adhuhuri, na kuwe na jalebi za moto, zile tamutamu za sukari. Bi Devyani alikuja kutoka Delhi kwa ajili ya siku hiyo. Haji Mukhtar alikuja kwa ajili ya jalebi. Majirani walijaa mlangoni.

Naushaba akashika ncha mbili. "Bismillahi," akasema, akaipindua.

Chumba kizima kilipiga kelele kwa uzuri. Zari iliwaka. Wanawake wa Kiajemi walikuwa wamesimama kwenye komamanga kama wanataka kutembea. Bi Devyani alishika mashavu yake, machozi yakamlenga. Iqrar anasema katika maisha yake yote hakuwahi kujisikia mkubwa kama dakika ile.

Aliyeacha kutafuna alikuwa Haji Mukhtar.

"Iqrar," akasema, jalebi ikiwa shavuni. "Mbona hawa wanawake wako wanalisha watu kwa kushoto?"

"Haji, vaa miwani."

"Nimeivaa."

Iqrar akasogea. Akapiga magoti. Alipitisha kidole kwa mwanamke wa kwanza, mkate, mkono wa kushoto. Wa pili, komamanga, kushoto. Wa tatu, kikombe, kushoto. Akaruka mpaka mwisho wa mstari kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye umati, naye wa mwisho pale, mtoto wa kike mwenye zabibu, kushoto.

"Haiwezekani," akasema. Akatoa kioo, akakiangalia, akaangalia sari, akaangalia kioo. Mlangoni mtu mmoja alisema "Astaghfirullah", na minong'ono ikaenda kichochoro kizima.

Bi Devyani alikuwa bado hajaelewa. Alitoa ile picha ya awali kutoka mkobani, akailinganisha na pindo. Rangi ikamtoka usoni.

"Fundi, kadi zilikuwa sawa. Nilizikagua mwenyewe. Nani amezigusa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanatoa kwa kushoto."

"Upande wa mgongo, Fundi! Upande wa mgongo ni lazima waonekane hivyo!"

"Sasa hivi najua, bibie," Iqrar akasema, na waliokuwepo wanasema sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa chini ya maji.

Maonyesho yalikuwa yamebakiza siku chache. Kufuma pindo jingine ni miezi. Kulikata haikuwezekana, sari bila pindo ni kama bibi harusi bila uso. Haji Mukhtar alishauri itundikwe mgongo nje, mikono iwe ya kulia, na Naushaba akamwambia kama hana la maana aendelee na jalebi. Bi Devyani alijifuta macho, akasema ataitundika hivyohivyo. Watu wa Delhi, alisema, watatazama rangi na zari, hakuna atakayehangaika na mkono.

"Itundike," Iqrar akasema. Alikuwa bado amepiga magoti. "Lakini jina langu usiliweke."

Bi Devyani alishtuka. "Fundi, wewe ulikubali kazi hii kwa ajili ya jina."

"Ndiyo. Na sasa naomba ulitoe. Mtu yeyote kutoka Banaras akipita pale, atasoma Iqrar Ansari na kuona karamu ya kushoto. Bora waseme hakuna aliyeifuma."

Hakuna aliyebisha. Majirani walitikisa vichwa, Naushaba akaanza kuikunja sari. Ndipo mlangoni mwa jikoni mtu akacheka.

Alikuwa Tarannum, binti yao wa pekee. Ana miaka ishirini na tatu, na kazi yake ni kukata nyuzi. Hariri ikitoka mtamboni, mgongo wake huwa na manyoya ya nyuzi za ziada, naye hukaa na mkasi siku nzima akizipunguza moja moja bila kutoboa kitambaa. Anafanya hivyo kwa nyumba tatu za kichochoro hiki. Siku hiyo alikuja akiwa na mkasi mkononi, akapita katikati ya watu, akapiga magoti kando ya baba yake. Akaweka mkono wake juu ya shuka, sambamba na mkono wa dhahabu wenye mkate.

Ulikuwa mkono wake wa kushoto, ndio uliokuwa na mkasi.

"Tarannum, shusha mkono," mama yake akanong'ona. "Watu wapo."

"Wauone," Tarannum akasema. "Leo si peke yangu. Na wenzangu wote hawa wapo."

Hapa Iqrar anaacha kusimulia, anageukia mtambo wake. Aliyebaki kuyasema ni Tarannum mwenyewe. Amekaa uani kwenye mkeka, anakata nyuzi, na anazungumza bila kuinua macho, kwa sauti ileile ambayo mtu angeelezea namna ya kupika dengu.

Alizaliwa akitumia kushoto. Alipoanza kushika tonge, baba yake alijaribu maneno, kisha kofi, kisha akatafuta njia nyingine. Kila wakati wa chakula, mkono wake wa kushoto ulifungwa kwenye nguzo ya mtambo. Ulifungwa kwa hariri.

"Kwa nini hariri?" mwandishi anauliza.

"Haiachi alama," Tarannum anasema.

Mwandishi aliacha kuandika. Amekaa Banaras miaka mingi, ameandika habari za mafuriko na za wafumaji waliojinyonga kwa madeni, na bado neno hilo lilimpiga kifuani. Hariri ileile ambayo India nzima inaigombania, inayokunjwa kwa vidole vilivyonawa, ilikuwa inafunga kiganja cha mtoto wa miaka minne ili ale wali kwa adabu. Tarannum aliendelea kukata nyuzi zake.

"Nilikula kwa kulia mpaka nikazoea," anasema. "Lakini mkasi nilishika kwa kushoto, kwa sababu anayekata nyuzi yuko nyuma ya nyumba, haonekani. Nikikata kwa kulia natoboa. Baba alijua. Alinyamaza kwa vile kazi ilikuwa nzuri."

Familia mbili zimewahi kuja kumposa. Mara zote mbili alipewa birika awatilie wageni chai, mara zote mbili hofu ilimfanya asahau, akamimina kwa kushoto. Ya kwanza walimaliza chai, wakaondoka, hawakurudi. Ya pili mama wa kijana alikiacha kikombe palepale, hakukigusa.

Siku ya sari, akiwa amepiga magoti, mkono wake kando ya mikono ya dhahabu, alimwambia baba yake maneno ambayo kichochoro chote kinayajua kwa sasa. Haji Mukhtar anayarudia bila utani, ambalo kwake ni jambo geni.

"Alisema, 'Baba, mimi nami naitwa Tarannum Iqrar. Jina lako liko kwangu miaka yote hii. Ukilitoa kwa hawa kwa sababu ya mkono wao, basi nitolee na mimi leo, mbele ya watu.'"

Naushaba alikaa chini palepale, ncha ya sari ikiwa bado kiganjani, akalia kwa sauti. Majirani, watu ambao hawana aibu ya kutazama ya wenzao, walianza kuondoka mmoja mmoja wakitazama viatu vyao. Bi Devyani alisimama na picha yake, hajui aiweke wapi.

"Fundi," akasema mwishowe, "niandike nini?"

Iqrar alimtazama binti yake, kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni.

"Andika," akasema. "Andika lote. Iqrar Ahmad Ansari."

Alikwenda Delhi kwa treni, amevaa koti la kuazima. Anasema alipoingia kwenye ukumbi na kuliona jina lake ukutani alishika mlango. Watu walipita, wakasimama, wakapiga picha. Bi Devyani alikuwa amesema kweli, wengi walitazama rangi na zari. Kisha mama mmoja mtu mzima akainama karibu, akageuka, akauliza kwa nini wote wanatoa kwa mkono wa kushoto.

"Ulimjibu nini?"

Iqrar anakanyaga ubao wa mtambo mara mbili kabla ya kujibu. "Nilimwambia kwetu yuko anayetoa hivyo. Sikuweza kusema zaidi."

Kuhusu nguzo na hariri, hakuna siku ambayo Iqrar ameyazungumza na Tarannum. Mwandishi alipomuuliza, aliweka uzi chini.

"Mdogo wangu wa Surat naye alizaliwa hivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Baba alimfunga kwa kamba ya katani. Ilimchubua mpaka mfupa, kovu analo hadi leo. Mimi nilipompata Tarannum nikasema sitafanya unyama ule. Nikatafuta hariri." Akatazama nguzo ya mtambo, iliyong'aa kwa miaka ya kuegemewa. "Nilidhani hiyo ni huruma. Wallahi nilidhani ni huruma."

Sari ile imenunuliwa, na Iqrar amelipwa malipo yake yote kama walivyopatana. Bi Devyani ameagiza nyingine, ndiyo hiyo iliyoko mtamboni asubuhi hii, karamu nyingine ya watu. Wengine wanatoa kwa kulia, wengine kwa kushoto, jinsi mchoraji alivyowachora. Ndiyo maana Iqrar anajitazama mikono. Anasema hataki tena kumrekebisha mtu ambaye hakukosea.

Lakini kinachomnyima usingizi kwa sasa si sari. Ijumaa hii, baada ya sala, inakuja familia kutoka mji wa Mau kumwona Tarannum. Ni watu wazuri, wafumaji kama wao, na kijana anasifiwa. Naushaba amekuwa akimwandaa binti yake tangu wiki iliyopita.

"Siku moja tu, mwanangu," anambembeleza hata mbele ya mwandishi. "Birika lishike kwa kulia. Ukishaingia kwao na kuzaa, nani atakuuliza?"

Mkasi wa Tarannum unaendelea kukata, kach, kach.

Iqrar anajitoa shimoni. Anasimama uani.

"Atatia chai kwa mkono alio nao," anasema.

Sinia nusura imwanguke Naushaba. "Iqrar! Unasikia unachosema? Watainuka waondoke kama wale!"

"Waondoke."

"Na watangaze mpaka Mau!"

"Watangaze. Delhi nzima imeshaona, Mau ni nini?" Anajaribu kucheka, hawezi. Anamgeukia mwandishi. "Naogopa, sikufichi. Kikombe kile kilichoachwa palepale bado nakiona. Lakini nimemwomba Mungu, nimesema, nikikaa tena kimya na mkono wake ukafichwa mbele ya watu, mtu aliyeandikwa ukutani kule si mimi. Matumaini yangu ni hayo tu. Chai itiwe, watu wainywe."

Mkasi umesimama. Tarannum amenyanyua uso kwa mara ya kwanza asubuhi hii, macho yamemtoka pima. Anamtazama baba yake, kisha mama yake, kisha tena baba yake, na ni wazi kwamba hakuna aliyemwambia mpango huu.

"Na huyo kijana?" anauliza.

"Kijana kafanya nini?" mama yake anasema.

"Anayekuja kunitazama. Naye ashike birika, atie chai. Na mimi nina macho, nataka kuuona mkono wake."

Naushaba anashika kichwa kwa mikono yote miwili. Mwanamume kutia chai kwenye posa yake mwenyewe, hilo halijawahi kusikika Pilikothi, na pengine hata Mau. Kule dirishani Haji Mukhtar, ambaye inaonekana hakuwa amekwenda popote, anapaliwa na kikohozi.

Iqrar anamtazama binti yake aliyekaa mkekani na mkasi mkono wa kushoto, nyuzi za dhahabu zimemjaa mapajani, na polepole kichwa chake kinaanza kukubali.

"Naye atatia," anasema. "Chai ya watu wote."